Picha Yakwama Baada ya Dakika Nne: Kuvusha Maltikasti Kati ya VLAN

"Habari mwalimu. Mimi ni fundi wa mtandao katika hoteli moja ya orofa saba, vyumba 84, hapa Westlands. Tumeweka seva ya runinga inayopokea chaneli 18 kutoka kwa antena ya paani na kuzirusha kwa maltikasti, yaani mkondo mmoja unaonakiliwa kwa wote walioomba, kuanzia 239.10.10.1 hadi 239.10.10.18. Seva iko VLAN 20 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile) pamoja na vifaa vya hoteli na Wi-Fi ya wafanyakazi. Runinga za vyumbani ziko VLAN 30. Swichi kuu ni ya Cisco, nayo ndiyo lango la VLAN zote. Swichi za orofani zimeunganishwa nayo. Runinga za VLAN 30 hazioni chochote, ingawa nikipiga ping kutoka huko seva inaitika. Nikichomeka runinga moja kwenye swichi kuu, ndani ya VLAN 20, picha inacheza vizuri kisha inakwama baada ya dakika nne hivi. Nikibadilisha chaneli na kurudi, inacheza tena. Nilizima snupingi ya IGMP, ile kazi ya swichi ya kuchungulia nani anaomba chaneli gani, picha ikatulia, lakini Wi-Fi ya wafanyakazi ikafa na wahudumu wa mkahawa wakashindwa kupokea malipo mezani. Mwenzangu anasema tuziunganishe hizo VLAN mbili ziwe moja tumalize shida. Meneja naye anaogopa kwamba nikifungua njia ya maltikasti, wageni wataingia kwenye kompyuta za uhasibu. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, kwanza rudisha snupingi ilivyokuwa, leo hii, kabla hujasoma mbele. Pili, usiunganishe VLAN. Mwenzako ana nia njema, lakini dawa yake italeta kwenye runinga za wageni kukwama kulekule kwa dakika nne, au, snupingi ikizimwa, maradhi yaleyale uliyoyaona kwenye Wi-Fi, na juu yake itaweka wageni na vifaa vya hoteli kwenye chumba kimoja. Unachohitaji kinaweza kufanywa na swichi kuu uliyo nayo, ikiwa leseni yake inaruhusu.

Dalili ulizotaja ni za matatizo mawili, na kilichokuchanganya ni kuyachukua kama moja. Runinga za VLAN 30 kutoona chochote ni suala la kuvuka: hakuna anayebeba pakiti za maltikasti kutoka VLAN 20 kwenda VLAN 30. Picha kukwama baada ya dakika nne ndani ya VLAN 20 ni suala la ndani ya VLAN yenyewe, wala halihusiani na kuvuka. Ukitafuta amri moja itakayotibu yote bila kujua ipi inatibu nini, utakesha.

Nianze na hizo dakika nne, kwa sababu zinasema mengi. Runinga inapotaka chaneli, hutuma ujumbe wa IGMP wa kujiunga na kundi, maana kila chaneli ina anwani ya kundi lake, tuseme 239.10.10.5. Swichi yenye snupingi huuchungulia ujumbe huo na kuandika: poti hii inataka kundi hili. Kuanzia hapo mkondo wa chaneli hiyo huenda kwenye poti hiyo pekee. Lakini swichi haikai na maandishi hayo milele. Lazima awepo muulizaji katika VLAN, kifaa kinachouliza kila baada ya muda, "Nani bado anataka nini?" Runinga ikijibu, jina lake linabaki. Ni kama katibu wa chama anayeita majina kila mkutano: usiposikika mikutano miwili, unafutwa. Kwa vipimo vya kawaida vya IGMP, swali huulizwa kila sekunde 125, muda wa kujibu ni sekunde 10, na swichi huvumilia maswali mawili yasiyojibiwa. Zidisha 125 mara mbili, ongeza 10, unapata sekunde 260. Hiyo ni dakika nne na sekunde ishirini.

Kwa hiyo runinga yako haina kasoro, na seva pia haina. VLAN 20 haina muulizaji. Runinga ilijiunga mara moja ulipofungua chaneli, hakuna aliyeiuliza tena, sekunde 260 zikaisha, swichi ikafuta jina. Ulipobadilisha chaneli na kurudi, ilijiunga upya na saa ikaanza kuhesabu tena. Ukitaka uhakika, andika kwenye swichi kuu show ip igmp snooping querier. Nina imani VLAN 20 haitaonyesha anwani yoyote.

Ulipozima snupingi, swichi ilikosa njia ya kujua nani anataka nini, ikafanya lile pekee inaloweza: ikamwaga chaneli zote kwenye kila poti ya VLAN 20. Ndiyo maana picha ilitulia. Piga hesabu sasa. Chaneli ya picha bora hula takriban Mbps 8. Chaneli 18 ni Mbps 144, zikiingia kwenye kila poti, iwe imeziomba au la. Kifaa chenye poti ya Mbps 100 kinazama hapo hapo. Wi-Fi huumia zaidi, kwa sababu hewani maltikasti hurushwa kwa kasi ya chini kabisa ili hata simu iliyo mbali isikie, mara nyingi Mbps 6 au hata Mbps 1, bila mpokeaji kuthibitisha kwamba amepata. Mbps 144 haziwezi kupita kwenye njia ya Mbps 6. Vifaa vya malipo vya wahudumu wako vilikuwa vinasubiri zamu hewani, na zamu haikufika.

Sasa kuvuka. Watu wengi hudhani kwamba ping ikiitika, basi kila kitu kinapita. Ping ni yunikasti: pakiti ina mwenyewe mmoja, na swichi ya tabaka la 3, yaani inayofanya pia kazi ya ruta, inajua njia ya kumfikia. Pakiti ya 239.10.10.5 haina mwenyewe mmoja. Jedwali la njia za kawaida haliwezi kusema iende wapi, kwa hiyo swichi huiacha iishie katika VLAN ilikozaliwa mpaka umwambie mtu asimamie kazi hiyo. Msimamizi huyo ni itifaki ya PIM. Wengine hudhani ukiruhusu VLAN zote kwenye tranki basi maltikasti nayo itavuka. Haivuki. Tranki hubeba VLAN nyingi kwenye kebo moja, lakini haichanganyi ya huku na ya kule.

Katika swichi yako ya Cisco, kiini cha kazi ni mistari michache. Unawasha ip multicast-routing kwa swichi nzima (baadhi ya modeli za zamani hutaka uongeze neno distributed mwishoni). Kisha unaingia interface Vlan20 na kuandika ip pim sparse-mode, halafu interface Vlan30 na kuandika hivyo hivyo. Mwisho unataja kituo cha kukutania, mahali ambapo wanaotaka na wanaorusha huunganishwa. Hapa kwako ruta ni moja tu, hivyo kituo ni swichi hiyohiyo: ip pim rp-address ikifuatwa na anwani ya swichi katika VLAN 20. Usihangaike na mbinu za kukitafuta kituo chenyewe kwa chenyewe. Hizo ni za mitandao yenye ruta nyingi.

Jambo linalonifurahisha katika mpangilio huu ni kwamba PIM ikishawashwa kwenye kiolesura cha VLAN, swichi kuu huwa muulizaji wa VLAN hiyo bila kuombwa. Cisco huuliza kila sekunde 60. Kwa hiyo tatizo la dakika nne litatoweka lenyewe katika VLAN zote mbili. Swichi za orofani nazo, zikisikia maswali hayo yakishuka kutoka juu, zitajua kwamba njia ya kuelekea kwa ruta iko upande wa tranki na zitapeleka maombi ya runinga huko. Bila muulizaji hata hilo hazilijui. Ndiyo maana kuwasha snupingi kwenye swichi za orofani peke yake hakungekusaidia.

Ukishaweka hayo na picha bado haifiki VLAN 30, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni TTL. Kila pakiti ina hesabu ya ruta ngapi inaruhusiwa kuvuka, na mifumo ya Linux na Windows huipa maltikasti TTL ya 1 programu isipotaja nyingine. Pakiti ikifika kwa ruta na 1, inakuwa sifuri na kutupwa. Ndani ya VLAN 20 hutaona dalili yoyote, maana hakuna ruta inayovukwa. Ukija VLAN 30 ni giza. Chukua kipakatalishi, kiweke VLAN 20, fungua chaneli kwa programu ya video ya VLC ukiandika udp://@239.10.10.5 pamoja na namba ya poti ambayo seva yako inatumia, kisha tazama pakiti kwa Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti. TTL imeandikwa wazi kwenye kichwa cha IP. Ikiwa ni 1, ingia kwenye mipangilio ya seva uipandishe hadi 8 au 16.

Baada ya hapo, andika show ip mroute 239.10.10.5 huku runinga moja ya VLAN 30 ikiwa kwenye chaneli hiyo, na usome kwa utulivu. Ukiona mstari wenye nyota na kundi pekee, bila mstari wenye anwani ya seva, basi kuna anayeomba lakini mkondo wa seva haujamfikia ruta. Ukiona mstari wenye anwani ya seva lakini orodha ya kutokea (milango ambayo mkondo unatolewa) inasema Null, yaani tupu, basi seva inarusha na hakuna ombi lililofika kutoka VLAN 30. Tafuta kosa upande wa runinga, kwenye snupingi ya swichi ya orofani au kwenye orodha ya vizuizi. Ukiona seva, ukaona na Vlan30 kwenye orodha ya kutokea, swichi kuu imefanya kazi yake. Mafundi wengi huruka hatua hii na kuanza kubadilisha mipangilio kwa kubahatisha, na saa tatu baadaye hawakumbuki walianzia wapi. Soma kwanza.

Jihadhari pia ikiwa seva yako ina kadi mbili za mtandao, moja ya picha na moja ya usimamizi. Ruta hukagua kama pakiti imeingilia upande ambao yenyewe ingepitia kumfuata mtumaji. Seva ikirusha picha VLAN 20 kwa kutumia anwani ya kadi ya usimamizi iliyo VLAN nyingine, ruta huona pakiti imekuja kwa mlango usio wake na kuitupa. Amri ya show ip rpf ikifuatwa na anwani ya seva itakuonyesha mlango ambao ruta inautarajia.

Meneja ana haki ya kuuliza alichouliza, na umjibu kwa heshima. PIM haifungui njia ya yunikasti kati ya VLAN. Inanakili pakiti zinazoelekea kwa makundi na kuzipeleka kulikoombwa, basi. Mgeni hawezi kuitumia kuanzisha mawasiliano na kompyuta ya uhasibu. Lakini mwambie ukweli wote: umesema ping kutoka VLAN 30 inafika kwa seva, maana yake njia ya yunikasti kati ya VLAN hizo iko wazi tayari, na imekuwa wazi kabla hujagusa maltikasti. Hofu yake ingefaa kuelekezwa hapo. Weka orodha ya vizuizi kwenye Vlan30 ili runinga zifike tu kwenye vile zinavyohitaji.

Unapoiandika, kuna mtego mmoja. Fundi mwangalifu huzuia IP yote inayoelekea 224.0.0.0/4, yaani anwani zote za maltikasti, ili wageni wasirushe maltikasti zao, na papo hapo picha zinakufa. Sababu ni kwamba katika toleo la 2 la IGMP ombi la kujiunga hutumwa kwa anwani ya kundi lenyewe, na katika toleo la 3 hutumwa kwa 224.0.0.22. Zote zimo ndani ya ulichozuia. Ruhusu itifaki ya IGMP kwanza, kisha zuia UDP kwenda 239.0.0.0/8 kutoka VLAN 30. Hapo runinga zitaomba, lakini hakuna aliye chumbani atakayeweza kurusha.

Kuna jambo la hotelini ambalo vitabu vya mitandao havina sababu ya kulitaja. Mgeni akitoka chumbani huchomoa kadi ukutani na umeme wa chumba huzimika, runinga ikiwemo. Akirudi, inawaka na poti yake kwenye swichi inaamka. Ikiwa poti hiyo haijatajwa kuwa ya kifaa cha mwisho, itifaki ya kuzuia mizunguko huhesabu tukio hilo kuwa badiliko la ramani ya mtandao. Kwa swichi nyingi za Cisco, badiliko la namna hiyo hufanya snupingi imwage maltikasti kila mahali kwa muda hadi iulizwe upya. Vyumba 84, kadi zinaingia na kutoka jioni nzima, na wewe unashangaa kwa nini picha zinakatika saa za wageni kurudi, katikati ya mechi ya Gor na Ingwe. Weka spanning-tree portfast kwenye kila poti ya runinga. Usiiweke kwenye tranki.

Ukiwa hapo, angalia nyuma ya runinga kama kuna kiswichi kidogo kisicho na mipangilio, kilichowekwa ili kebo moja ilishe runinga mbili. Pale usiwashe kipengele cha kuondoka papo hapo, kinachokata mkondo mara tu swichi inapopata ujumbe wa kuacha chaneli, kwa sababu runinga moja ikibadilisha chaneli, ya pili itakatiwa. Kwenye poti zenye runinga moja kiwashe bila wasiwasi. Kinapunguza foleni ya chaneli ambazo mgeni ameshaziacha anapobonyeza rimoti haraka haraka.

Njia nyingine zipo, nami sitaki uone kama PIM ndiyo pekee. Unaweza kuipa seva mguu wa pili ndani ya VLAN 30 na kurusha huko moja kwa moja. Ni rahisi, na kwa hoteli ndogo yenye swichi zisizo na tabaka la 3 ningeikubali, ila utahitaji muulizaji wa VLAN 30 kwa amri ya ip igmp snooping querier, na seva yako itakuwa uso kwa uso na vyumba vya wageni. Ipo pia MVR, inayoweka mikondo katika VLAN yake maalumu na kuinakili kwa poti za VLAN nyingine bila ruta. Watoa huduma za runinga huipenda, lakini kila swichi ya orofani lazima iielewe, na swichi za kununua moja moja Luthuli Avenue kwa nyakati tofauti mara chache huelewana katika hilo. Yunikasti, yaani kila runinga kuwa na mkondo wake, ingekula Mbps 672 kutoka kwa seva runinga ya kila chumba ikiwa imewashwa. Kwa maltikasti hutazidi 144, hata mkiongeza jengo la pili.

Anwani zako umezichagua vizuri, usizibadilishe. Wanaochagua 239.0.0.1 hujikuta mashakani, kwa sababu anwani 32 za maltikasti hushiriki anwani moja ya MAC (anwani ya tabaka la chini ambayo swichi huitazama), na hiyo huangukia ile ya 224.0.0.1 ambayo swichi haithubutu kuichuja.

Na wageni wakikuomba siku moja warushe picha kutoka kwa simu hadi kwenye runinga ya chumba, usidhani PIM itasaidia. Simu hutafuta runinga kupitia 224.0.0.251, na anwani zote zinazoanza na 224.0.0 haziruhusiwi kuvuka ruta kamwe. Hiyo inataka kifaa cha kupatanisha mDNS, itifaki ambayo vifaa hutafutana nayo, tena chenye kutenganisha chumba na chumba ili mgeni wa 304 asirushe picha zake 305.

Kazi hii ifanye usiku wa manane, mkahawa ukiwa umefungwa, ukiwa na nakala ya mipangilio ya zamani kwenye kipakatalishi na kebo ya konsoli mkononi. Anza na VLAN mbili hizo na runinga moja. Ukiridhika, andika write memory. Umeme ukikatika kabla ya hapo, swichi itaamka imesahau kila kitu.

Kuna hali ambazo ningekuomba usiendelee peke yako. Ikiwa swichi inakataa amri za PIM, ni leseni au modeli, na anayeijua kwa hakika ni aliyewauzia. Muulize kabla ya kununua chochote. Ikiwa prosesa ya swichi kuu inapanda na kubaki juu baada ya kuwasha PIM, ondoa ulichoweka urudishe nakala ya zamani, kisha umwite mtu aje aketi mbele ya swichi na kuona pakiti zipi zinaisumbua. Ikiwa utagundua kwamba lango la VLAN mojawapo liko kwenye fayawoli wala si kwenye swichi kuu, yote niliyosema kuhusu kiolesura cha Vlan30 yanahamia kwenye fayawoli hiyo, nayo ina lugha yake. Na ikiwa hoteli ina tawi jingine, tuseme Mombasa, mnalotaka lipate chaneli hizohizo, usitarajie maltikasti ipite kwenye intaneti ya kawaida. Hapo mtahitaji mhandisi wa kampuni inayowapa laini aketi mezani pamoja nanyi, kabla hamjatia saini.

Ukikwama, niletee matokeo ya amri tatu yakiwa kamili: show ip mroute ya chaneli moja, show ip igmp groups, na show ip igmp snooping mrouter kutoka kwa swichi ya orofa moja, yote yakichukuliwa wakati runinga ikiwa kwenye chaneli hiyo. Niambie pia TTL uliyoiona kwenye Wireshark.